Kwa mnaopenda hiking: siku nilipoitwa jina langu kwenye njia ya maweni, Unguja

Wakuu, assalaam alaykum. Na wasio wa salamu hiyo, habari zenu.

Mimi humu ni mgeni, ila duniani si mgeni. Themanini nshazipita, na magoti yangu ndiyo mashahidi. Macho hayapatani tena na simu, kwa hivyo anayechapa ni mjukuu wangu Rukia. Mimi nasema, yeye anaandika. Nimemwapisha asitie chumvi wala asipunguze.

Nnayosema hapa ni kweli tupu. Mengine ni kweli ambayo sijapata kumwambia mtu, hata marehemu mke wangu.

Imekuwaje hata nikaja humu? Juzi Rukia kanionesha uzi wa vijana wanaotembea milimani, mara Usambara, mara Uluguru. Wana mikoba mgongoni na fimbo za chuma mbili mbili utadhani wanakwenda vitani. Akaniambia, "Babu, nyinyi zamani Unguja hamkuwa na hiking."

Ebo! Kutembea mmekuvumbua nyinyi?

Sisi tulikuwa tunakwenda mandari. Mnatoka mjini asubuhi na chakula chenu, mnakwenda shamba, mnatembea, mnakula, jioni mnarudi. Wengine mandari yao ilikuwa kukaa pwani na kupiga soga. Mandari yetu sisi ilikuwa miguu.

Na milima tunayo. Wa Moshi msicheke! Najua mlima wetu kwenu nyinyi ni kichuguu. Lakini panda kilima cha nyuma ya Kinyasini mwezi wa Machi, udongo umerowa, halafu uje unihadithie.

Haya, tuingie kwenye habari yenyewe.

Ilikuwa miaka ya hamsini, mwishoni mwishoni. Mimi nna miaka kumi na saba, nauza vitambaa kwenye duka la mtu pale Darajani. Rafiki yangu alikuwa akiitwa Suwedi. Alinizidi mwaka mmoja. Kazi yake fundi baiskeli, Mlandege. Mrefu, mwepesi, mcheshi, hana woga hata chembe. Mimi ndo nilikuwa mwoga. Nasema mapema ili msije mkashangaa mbele.

Suwedi alikuwa na wazimu wa kutembea. Kila Jumapili duka limefungwa, yeye nshamsikia mlangoni kwetu anagonga kengele ya baiskeli. "Dula! Dula we! Jua hilo!" Jina langu Abdalla, lakini mtaa mzima uliniita Dula.

Tunapiga baiskeli mpaka Kinyasini, maili ishirini na kitu. Tunaziacha kwa mama mmoja akiuza chai na muhogo kando ya barabara, Bi Mkasi. Kutoka hapo ni miguu, tunapanda kilima.

Njia ile tuliijua kwa misimu yote. Kaskazi, joto lake, udongo mwekundu umepasuka na vumbi linakuganda mpaka kwenye kope. Ukifika juu unaiona bahari ya mashariki, nyeupe kwa jua.

Masika usiseme. Njia inageuka mto. Unapanda hatua mbili unateleza tatu, konokono wakubwa wamejaa kila pahala, na nguo ukirudi mama hazipokei. Kipupwe ndo raha yenyewe, upepo wa baridi na mikarafuu inanukia. Vuli inakuja na majani mapya, na hapo ndo nyoka wanapotoka.

Mwaka mzima hivyo, kupanda na kushuka. Lakini juu ya kilima ndo ulikuwa mwisho wetu. Upande wa pili, njia inateremka inaingia msitu wa maweni. Huko hatukuwahi kwenda.

Kwa wasioijua Unguja: upande wa mashariki ardhi si udongo, ni mawe ya matumbawe ya zamani, makali kama msumeno. Miti inaota juu ya mawe hayo hayo. Katikati yake pana mashimo. Mengine unayaona, mengine yamefunikwa na majani. Chini yake mna mapango na maji.

Halafu kulikuwa na chui. Siku zile chui walikuwapo Unguja, si hadithi. Na watu wakisema wapo wa porini na wapo wa kufugwa. Chui wa kufugwa ana mwenyewe, akitumwa anakwenda. Ukimdhuru, mwenyewe anakujia. Mimi hata neno chui sikutaka kulisikia.

Basi masika ya mwaka ule yanakaribia kwisha, Suwedi akaja na lake. "Yakhe, leo tunavuka. Tunaingia maweni."

Nikamwambia, "Kule tutatafuta nini?"

"Hatutafuti kitu. Tunatembea."

Nilikuwa na sababu kumi za kukataa, sikutoa hata moja. Kijana wa miaka kumi na saba atakubali kufa kuliko kuitwa mwoga. Mama alinifungia mkate wa kumimina na samaki wa kukaanga kwenye kikapu cha ukili, tukaondoka.

Tukafika kwa Bi Mkasi. "Shikamoo Bi Mkasi." "Marahaba wanangu." Suwedi akazunguka nyuma kisimani kunawa vumbi. Mimi nikabaki nakunywa chai. Nikatamka bila kufikiri kwamba leo tunakwenda maweni.

Bi Mkasi aliweka birika chini.

"Maweni? Nyie wawili peke yenu?"

"Naam."

"Basi nsikilize vizuri. Kule watu hawaitani majina. Ukisikia jina lako linaitwa, usiitike, hata liitwe mara mia. Wanaoita majina kule ni wenyewe wa pahala pale."

Wakuu, mnajua 'wenyewe' ni nani. Hakutaja, na mimi sikuuliza.

Nikamwuliza, "Sasa tukipoteana?"

"Mnapiga ukemi." Akaweka kiganja mdomoni akatoa sauti moja ndefu, "Huuuuu!" Akapumzika, akatoa ya pili. "Mara mbili hivi. Sisi sote huku, anayekata kuni, anayechoma chokaa, ukipotea unapiga ukemi. Binadamu utamjua kwa ukemi. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Mwambie na mwenzio, yule anayecheka cheka."

"Ntamwambia."

Suwedi akarudi, kichwa kinachuruzika maji, keshaanza maneno yake. Nikasema moyoni, ntamwambia njiani.

Tukapanda kilima. Tukafika juu, tukakaa kidogo. Sikumwambia. Nilijua atanicheka. Nikasema, tukishaingia ndani kabisa, tukishatishika wote wawili, hapo ndo ntamwambia.

Tukateremka ng'ambo.

Nataka mpajue pale palivyo. Juu ya kilima kuna ndege, kuna upepo, unasikia mtu anakata kuni mbali. Unashuka hatua mia mbili tatu, vyote vinakatika. Kimya. Miti mifupi, imesokotana, mizizi imeyakumbatia mawe. Njia yenyewe ni upana wa mguu. Na kwa kuwa mvua za masika zilikuwa zimekinywesha kila kitu, majani yalikuwa yamepanda mpaka kiunoni. Huoni unakanyaga wapi.

Suwedi mbele, anapiga mluzi. Mimi nyuma na kikapu changu.

Tukapita pahala pana tope. Kwenye tope pana alama ya mguu, duara, vidole vinne, haina kucha. Niliiruka. Na Suwedi aliiona, maana mluzi ulikatika. Halafu akaanza tena, kwa nguvu zaidi.

Tulikwenda hivyo saa nzima au zaidi. Tukafika kwenye uwazi wenye jiwe kubwa bapa, tukala nusu ya mkate na samaki wote. Suwedi akasema basi, tumefika, turudi. Alhamdulillahi! Sijapata kusikia neno tamu kama lile.

Tumeanza kurudi, hatujenda mbali, kichaka cha kulia kwangu kikalipuka. Kitu kikaruka, kikapita mbele ya miguu yangu.

Wakuu, nilipiga ukelele ambao hata mimi sikujua ninao. Nikatupa kikapu, nikakimbia, nikajikwaa, nikaanguka kifudifudi kwenye mawe. Magoti yote mawili damu.

Alikuwa paa nunga. Kipaa chenyewe hakimfikii mbuzi mdogo.

Suwedi alicheka mpaka akakaa chini. Alicheka mpaka machozi. "Dula! Paa! Paa, Dula! Ngoja nifike barazani leo! Ngoja wasikie!" Akaigiza nilivyopiga ukelele. Akaigiza nilivyoanguka. Akarudia tena.

Nikakiokota kikapu changu. Nikamwambia, "Tangulia zako."

"Usinune bwana, nakutania."

"Nimekwambia tangulia! Sitaki kutembea na wewe."

Akasimama, akajipangusa. Bado anacheka, lakini nilimwona keshaudhika kidogo. "Haya. Tutaonana kwa Bi Mkasi. Utanikuta nshamhadithia." Akashika njia, anapiga mluzi. Nikausikia mluzi unapungua, unapungua, ukaisha.

Na hapo ndo nikakumbuka kwamba sijamwambia.

Nikasema, basi tena. Mtu mwenyewe yuko mbele, anakwenda mbio, hatapotea. Na kusema kweli nilifurahi kidogo kuwa nnajua jambo asilolijua yeye.

Nikakaa juu ya jiwe nifute magoti. Nilikaa kama robo saa, nikimngoja afike mbali. Nilivyoinuka, jua limekwenda. Wingu limetanda juu ya msitu mzima, jeusi. Pakawa giza la mchana, lile ambalo rangi zote zinageuka kijani. Hata wadudu walinyamaza.

Nikaanza kutembea. Kila hatua nageuka nyuma. Nasikia kitu kinanifuata, nikisimama na chenyewe kinasimama. Sasa najua kuwa zilikuwa nyayo zangu mwenyewe juu ya mawe. Siku ile sikujua.

Ndo nikasikia.

"Dula!"

Sauti haikutoka mbele wala nyuma. Ilitoka chini. Ilikuwa nzito, kama mtu anayesemea ndani ya mtungi.

Nikasimama.

"Dula! Dula we!"

Nikakikumbatia kikapu kifuani. Usiitike, hata liitwe mara mia.

"Dula, nakusikia! Niko huku chini!"

Chini! Nani anakaa chini? Chini ya ardhi anakaa nani, jamani? Suwedi yuko mbele, keshafika kwa Bi Mkasi, anakunywa chai na kunicheka. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Na hawa wenyewe wanajua kila kitu, watashindwa kujua jina la utani?

Nikaanza kusoma. Ayatul Kursi, kwa sauti, kwa nguvu zangu zote. Nikisahau pahala narudi mwanzo. Sauti ikawa inaita, mimi nasoma. Inaita, nasoma. Ikabadilika, ikawa nyembamba. Ikaanza kulia.

"Dula, usiniache. Dula."

Nikabwaga kikapu. Mguu niponye!

Nilikimbia njia nzima ile ya mawe. Sijui nilipandaje kilima, sijui nilishukaje. Najua makubadhi yalinitoka na nyayo zikapasuka na sikusikia maumivu. Nilipoliona paa la makuti la Bi Mkasi nililia kwa furaha kama mtoto.

Rukia ananiuliza kama nipumzike kidogo. Hapana. Nikipumzika hapa sitoendelea.

Bi Mkasi alikuwa anaingiza vitu ndani kwa ajili ya mvua. Akaniona, akaniona miguu. "Masalaale! Umefanyaje?"

"Nimeitwa! Bi Mkasi, nimeitwa! Jina langu! Sikuitika, wallahi sikuitika!"

Akanishika mabega. "Vizuri. Vizuri mwanangu. Tulia." Akaniangalia nyuma. "Na mwenzio yuko wapi?"

Nikatazama. Baiskeli mbili zimeegemea ukuta. Mbili.

"Hajafika?"

"Hajafika mtu hapa."

Matone ya kwanza yakaanza kupiga makuti.

Bi Mkasi akaniachia mabega, polepole. "Yule mwenzio, ulimwambia habari ya ukemi?"

Nikazitazama zile baiskeli.

"Nakuuliza wewe. Ulimwambia?"

"Sikumwambia."

"Basi akipotea yule, ataita nini?"

Wakuu, mimi nimezika wazazi, nimezika mke, nimezika mtoto. Nimepita katika mambo ya nchi hii ambayo sitaki kuyataja. Sijapata kuogopa kama nilivyoogopa pale, mbele ya yule mama, na swali lile.

Bi Mkasi hakunigombeza. Aliingia uani akapiga ukemi, mara mbili, mara mbili, mara mbili. Baada ya muda mfupi mumewe, Mzee Ame, akatokea shambani, na jirani zake wawili. Bi Mkasi akawaambia maneno machache. Wakachukua kamba nene ya usumba waliyokuwa wakitekea maji kisimani, na panga, na taa ya chemni ikiwa itahitajika. Bi Mkasi akajifunga kanga kiunoni, akatoka nasi.

Mvua ikashuka.

Mvua ya mwisho wa masika haina mzaha. Tulipanda kilima kwa mikono na miguu. Mzee Ame alisema neno moja tu njiani: "Mashimo yale hujaa." Akaongeza mwendo.

Tukaingia maweni. Wakapiga ukemi. Hakuna jibu. Wakapiga tena.

Bi Mkasi akasema, "Mwite jina."

Wanaume wote wakageuka wakamtazama. Mzee Ame akasema, "Mkasi!"

"Hajui ukemi! Ataitikaje? Mwite jina lake, mtoto we!"

Nikaita. "Suwedi! Suwedi!" Niliita mpaka koo likatoa ladha ya damu. Mvua tu. Kila pahala pamefanana, kila mti umefanana, na mimi sikumbuki nilisimama wapi. Nilikuwa nnazunguka, nalia, nasema ni hapa, hapana ni pale. Yule jirani mmoja akaanza kuguna kwamba giza linakuja na chui nao wana njia zao.

Halafu nikakiona kikapu.

Kimelala ubavu, nusu ya mkate wa kumimina iko nje imetota, siafu wameuzunguka. Nikasema, hapa. Hapa ndipo niliposimama.

Mzee Ame akaanza kupapasa majani kwa panga, hatua kwa hatua. Shimo lilikuwa pembeni ya njia. Hatua kumi, wakuu. Nilikuwa hatua kumi kutoka kwake. Mdomo wa shimo si mpana kuliko mlango wa kuku, umezibwa na majani, mtambaa mmoja umekatika pale alipoupitia.

Tukalala kifudifudi tukachungulia. Giza. Maji yanaingia kutoka pande zote, yanalia. Mzee Ame akateremsha taa kwa kamba. Nikaona kichwa.

Maji yalikuwa yamemfika kidevuni. Alikuwa ameng'ang'ania mzizi kwa mikono miwili na macho ameyafumba.

"Suwedi!"

Hakuitika. Lakini macho yalifunguka.

Mzee Ame akapima mdomo wa shimo kwa mikono yake. Yeye hapiti. Jirani zake hawapiti. Wote wakanitazama mimi, na mwili wangu wa ukuti.

Nikasema, "Siwezi." Nilisema hivyo, sikufichini. Nilirudi nyuma nikashika mti. "Siwezi, siwezi kuingia mle."

Bi Mkasi akaja akanishika mkono. Hakunivuta. Alisema taratibu, wengine wasisikie: "Utaweza. Aliitwa nani? Si wewe?"

Wakanifunga kamba kwapani, nikashuka.

Mawe yalinichuna mgongo na kifua. Harufu ya mle ndani ninayo mpaka leo, popo na majani yaliyooza. Maji baridi yakanishika miguu, kiuno, kifua. Nilikuwa natetemeka mpaka meno yanagongana. Nikamfikia. Mguu wake mmoja ulikuwa umekaa vibaya, umegeukia kusiko. Nikajifungua kamba nikamzungushia yeye, mikono haifanyi kazi, fundo nalifunga linafunguka.

Nyuso zetu zilikuwa karibu hivi. Midomo yake imekuwa rangi ya jivu. Akaniambia, kwa sauti ndogo mno:

"Nilikuwa nakusikia unasoma."

Nikafunga fundo.

"Nilidhani unaniombea," akasema. "Halafu nikakusikia unakimbia."

Nikaitikisa kamba wamvute.

Wakamvuta yeye kwanza, kisha mimi. Tulipotoka tulilala juu ya mawe, mvua inatupiga. Mzee Ame akamwuliza Suwedi, "Ilikuwaje mwanangu?"

Suwedi alikuwa amelala chali, macho juu. Akasema, "Nilitumbukia. Nikamwita Dula. Dula akanisikia, ndo akakimbilia kukuiteni."

Bi Mkasi alinitazama. Alijua, maana mimi mwenyewe nilimwambia. Akavua kanga ya juu akamfunika Suwedi, na hakusema lolote. Hakusema siku ile, wala siku yoyote mpaka kufa kwake.

Hapa Rukia ameacha kuchapa, ananitazama. Nimemwambia andika mwanangu, usinihurumie.

Yaliyofuata hayana urefu. Mguu uliunga, lakini uliunga kwa kupinda, na Suwedi alichechemea maisha yake yote. Kutembea kwa mandari kukaisha. Yeye aliyekuwa hakai chini, akawa anakaa kwenye kigoda mbele ya duka lake anaziba mipira ya baiskeli za wenzake.

Mimi mtaani nikawa shujaa. Barazani nilinunuliwa kahawa. Mama yake Suwedi alinishika mikono yote miwili akaibusu, Mungu nisamehe. Kila Ramadhani alinipelekea sahani ya futari. Wazee wanasema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Kwetu yalipinduka. Aliyekuwa mwoga ndo aliyepewa sifa.

Mara moja nilijaribu. Nilikwenda dukani kwake, tuko wawili tu. Nikasema, "Suwedi, siku ile kule maweni..."

Akasema, "Nipe spana hiyo."

Nikampa spana. Hatukulitaja tena.

Na sasa niseme lile ambalo hata Bi Mkasi hakulijua. Ile sauti niliijua. Nilipoisikia mara ya kwanza nilidhani ni jini, kweli kabisa. Lakini ilipolia, iliposema usiniache, niliijua ni ya nani. Miguu ilikuwa nshaipa ruhusa, ikakataa kurudi. Nikajishikia maneno ya Bi Mkasi ili nipate kukimbia vizuri.

Watu wa Kinyasini hawakukosea. Mila yao ilikuwa timamu, ina sehemu mbili: usiitike jina, na mfundishe mwenzako ukemi. Mimi nilichukua ile sehemu iliyonifaa.

Kwa hivyo nyinyi wa hiking, somo langu ni hili. Kabla hamjaingia msituni, kubalianeni mtaitana vipi, na kila mmoja ajue, hata yule mliyenuniana naye. Usimwache mwenzako atangulie kwa hasira. Na ukiogopa, sema nimeogopa. Woga wenyewe hauna aibu. Wangu niliuvalisha dini na mila, na hilo ndilo lililomharibia mtu mguu.

Suwedi alifariki, mwaka wa nne huu. Tulikaa mtaa mmoja karibu miaka sitini. Tukicheza bao, tukienda msikiti mmoja, watoto wetu wamecheza pamoja. Mtu mwema, hakunionesha chuki hata siku moja.

Ila tangu siku ile hakuniita jina langu tena. Alikuwa akiniita 'yakhe', 'jirani', 'we bwana'. Akitaka nigeuke barabarani alikuwa anapiga kengele ya baiskeli. Mtaa mzima waliniita Dula, yeye hapana. Mwanzo nilidhani ni sadfa. Baada ya mwaka nikajua. Hata alipokuwa kitandani anaumwa, nimemshika mkono, aliniambia, "Yakhe, nenda kapumzike." Sijui kama alikuwa amenisamehe au alikuwa bado anaogopa kuniita nisiitike.

Ana binti, Zuwena. Kila Sikukuu ananiletea chakula kama alivyofanya bibi yake. Anakaa chini anasema, "Ami Dula, lau si wewe mimi nisingezaliwa." Mimi nakula.

Sasa Zuwena anakuja Ijumaa hii. Nimemwita mwenyewe, nimemwambia nna maneno. Rukia anasema nimwache mtoto wa watu na hadithi ya baba yake kama anavyoijua, kwamba marehemu mwenyewe ndo alitaka iwe hivyo. Mimi naona nshakula futari ya uongo ya kutosha.

Wakuu, mngekuwa nyinyi mngefanyaje? Nisemeni mnavyotaka, hata matusi, Rukia atanisomea yote. Msichelewe tu, leo ni Jumatano.